Kadi saba kwa siku: kushika msamiati mgumu wa Kiingereza shuleni

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko chini ya miaka miwili mbele yake. Hapo wengi hununua kaunta buku, wakapiga mstari katikati ya ukurasa, neno la Kiingereza kushoto, maana ya Kiswahili kulia, wakaanza kukariri kutoka herufi A. Ukiyakagua madaftari hayo mwezi wa nne, mengi yameishia "abundant" au "accomplish". Bidii ilikuwepo. Kilichokosewa ni kudhani kwamba neno likishapata mwenzake wa Kiswahili limejulikana.

Jambo la kwanza la kuamua ni maneno gani yaingie kwenye kadi ndogo zitakazochukua nafasi ya daftari hilo, maana yanayomwangusha mwanafunzi hayako pale anapoyatafuta. Istilahi za somo, kama "photosynthesis", "isobar" na "electrolysis", zinatisha kwa urefu tu. Mwalimu huziandika ubaoni, huzifafanua, na kitabu huzipa fasili. Zinashikwa pamoja na somo lenyewe. Yenye mtego ni maneno ya katikati: "whereas", "derive", "assume", "indicate", "sufficient", "extent", "respectively". Hayana somo lake. Mwalimu wa kemia anaamini yalishafundishwa na mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza yuko kwenye nyakati za vitenzi. Yanabaki yatima, na yamo katika kila swali.

Maneno ya aina hii yalishahesabiwa. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, alitoa orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma (ukoo ni neno pamoja na ndugu zake, kama "analyse" na "analysis"), alizozipata kwa kuchambua maandishi ya masomo mbalimbali yenye maneno karibu milioni 3.5. Koo hizo, mbali na yale maneno 2,000 ya kawaida kabisa, zinachukua karibu neno moja katika kila kumi ya maandishi ya kitaaluma. Orodha imegawanywa mafungu kumi kwa kadiri maneno yanavyojirudia: tisa ya kwanza yana koo 60 kila moja, la mwisho 30. Fungu la kwanza lina "analyse", "define", "factor", "function", "source", "structure", "vary". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aanze na fungu hilo, asianze na A.

Chanzo cha pili ni mitihani iliyopita ya masomo yote, si ya Kiingereza pekee. Chukua karatasi tatu za historia, tatu za baiolojia na tatu za hesabu, na usome maswali tu, bila kuyajibu. Pigia mstari kila neno usiloweza kulieleza. Neno lililojitokeza katika masomo mawili linaingia kwenye kadi. Lililojitokeza mara moja tu liache. Likiwa la maana litarudi lenyewe.

Hesabu ndiyo inayodhulumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeitazama kama somo la lugha. "The ages of Asha and Juma are 12 and 15 respectively": neno la mwisho linasema kila umri unamwendea mtu kwa mpangilio uleule, Asha 12 na Juma 15. "At least 5" ni angalau 5, na 5 yenyewe imo. "Not exceeding 50" ni isiyozidi 50, na 50 imo. "Less than 5", 5 haimo. Mwanafunzi anayejua kukokotoa lakini hajui mipaka hii atapata jibu safi la swali ambalo hakuulizwa. Kisha kuna "hence". Wengi wanalijua kama "kwa hiyo", na hawajakosea. Lakini mtihani ukiandika "Hence solve the equation", unaamuru utumie jibu ulilolipata katika kipengele kilichotangulia. Ukitumia njia nyingine, hata ikifika palepale, unaweza kunyimwa alama. Na ukikuta "show that", jibu umeshapewa. Alama ziko kwenye hatua.

Vitenzi vya kuamuru katika maswali vinastahili wiki nzima peke yake. "State" ni taja. Sentensi moja inatosha, na anayeandika aya nzima anajiibia muda wake mwenyewe. "Explain" inataka hoja, kisha kwa nini iwe hivyo, kisha mfano. "Assess" inataka upime pande zote mbili halafu utoe uamuzi. "Distinguish" inataka tofauti zilizokabiliana, hoja kwa hoja, na hapo ndipo "whereas" inapolipa: "Arteries carry blood away from the heart whereas veins carry blood towards the heart." Ukieleza ateri aya nzima, kisha vena aya nzima, umeeleza vitu viwili na hujatofautisha chochote.

Baya kuliko yote ni "account for". Mwanafunzi huona "account", anakumbuka masimulizi au akaunti ya benki, na akiulizwa "Account for the outbreak of the Maji Maji resistance" anaanza kusimulia: Kinjekitile Ngwale, maji ya dawa, mapigano ya 1905 hadi 1907. Hadithi yote ni ya kweli na alama hazipo. "Account for" ni eleza sababu. Kilichotakiwa ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, kazi za shuruti, ukatili wa wasimamizi. Kwenye kadi neno hili lisiandikwe "account" likiwa peke yake hata siku moja. Liandikwe na "for" yake.

Hapo tumefika kwenye kosa kubwa la safu mbili za kaunta buku. Neno moja la Kiingereza lina kazi tofauti katika kila chumba cha darasa, na tafsiri moja haiwezi kuzibeba. "Revolution" kwa mwalimu wa historia ni mapinduzi, kama yale ya Zanzibar ya 1964. Kwa mwalimu wa jiografia ni mzunguko wa dunia kulizunguka jua, siku 365 na robo. "Resistance" ni upinzani wa Waafrika dhidi ya wakoloni, na katika fizikia ni ukinzani wa waya dhidi ya umeme. "Solution" katika kemia ni myeyusho, katika hesabu ni jawabu. "Power" katika fizikia ni kasi ya kufanya kazi, inayopimwa kwa wati. Katika hesabu ni kipeo. Na "European powers" ni madola ya Ulaya. "Relief" katika jiografia ni sura ya nchi, milima na mabonde yake, wala haihusu msaada wa chakula. "State" yenyewe tumeshaiona kama amri ya kutaja. Kwenye uraia ni dola, na kwenye kemia ni hali ya maada, kuwa yabisi, kimiminika au gesi.

Dawa yake ni rahisi: pembeni mwa kadi andika somo. Kadi ya "resistance" ya historia na ile ya fizikia ziwe mbili, na zisiingizwe siku moja. Maneno yanayofanana au yanayopingana yakijifunzwa pamoja yanachanganyana kichwani. "Import" na "export", "affect" na "effect", "adopt" na "adapt", "principal" na "principle": ingiza moja leo, mwenzake lisubiri wiki mbili, la kwanza likishatulia. Walimu wengi hupenda kuyafundisha jozi ubaoni kwa sababu yanavutia hivyo, na ndiyo maana darasa zima huyageuza siku ya mtihani.

Maneno magumu ya Kiingereza yana ukoo, na Mswahili ana faida hapa asiyoitumia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa mahakama na watawala walitumia Kifaransa, huku wasomi wakiandika Kilatini. Lugha ikabaki na tabaka mbili: "ask" ya nyumbani na "inquire" ya ofisini, "begin" na "commence", "help" na "assist". Kiswahili kina kitu cha jamaa hiyo hiyo. Maji, mtu, kula na mti ni Kibantu. Elimu, tafsiri, sahihi na hukumu zimetoka Kiarabu, na ukiingia darasani au mahakamani ndizo zinazojaa. Kwa kuwa tabaka la juu la Kiingereza ni la Kilatini na Kigiriki, mizizi michache inafungua milango mingi. "Hydro" ni maji na "lysis" ni kuvunja au kutenganisha: "hydrolysis" ni kuvunja kwa maji, "electrolysis" ni kutenganisha kwa umeme. "Photo" ni mwanga, "synthesis" ni kuunganisha. Mmea unaunganisha chakula chake kwa mwanga. "Hyper" ni kupita kiasi, "hypo" ni chini ya kiasi. Mizizi na viambishi 30 vinatosha kwa kidato cha kwanza na cha pili. Ila usiviamini kipofu: "invaluable" ni cha thamani kubwa mno, "inflammable" ni kinachoshika moto upesi, na "infamous" ni anayejulikana kwa ubaya. Ile "in" ya mbele haikukanusha kama ulivyotarajia.

Ukoo wenyewe ufundishwe kwa Kiswahili kwanza. Mtoto anajua bila kufundishwa kwamba soma, somo, msomaji, usomaji na someka ni nyumba moja, na hawezi kusema "yeye ni usomaji mzuri". Lakini ataandika "the analyse of the data" bila kusita, kwa sababu alipewa "analyse" peke yake. Mpe nyumba nzima: "analyse" kitenzi, "analysis" nomino, "analyst" mtu, "analytical" kivumishi. Akiona kwamba ni uhusiano uleule wa soma na usomaji, kosa linapungua sana.

Sasa kadi yenyewe. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 ikunje nusu mara tatu, ukate. Unapata vipande 8. Karatasi ya rimu haifai, wino unaonekana upande wa pili na mwanafunzi anajidanganya kwamba amekumbuka. Migongo ya kalenda za zamani inafaa na haina gharama. Upande wa mbele usiandike neno. Andika sentensi iliyotoka kwenye daftari au kitabu cha somo, na pengo lenye herufi ya kwanza: "The railway brought s______ changes in trade." Nyuma andika neno zima likiwa na mkazo wake, "sigNIFicant", maana ya Kiswahili kwa sentensi ile, "makubwa, yenye uzito", ukoo, "significance, significantly", na majirani wawili watatu, yaani maneno yanayoandamana nalo, "a significant role", "a significant increase". Basi. Kadi yenye mistari kumi haisomwi. Hesabu ikija na "significant figures" tengeneza kadi nyingine: 0.00452 ina tarakimu tatu za aina hiyo, yaani 4, 5 na 2; sifuri za mwanzo hazihesabiwi.

Kwa nini pengo, na si neno lenye tafsiri nyuma yake? Kulitambua neno ukiliona ni kazi nyepesi, na kulitoa kichwani pasipo kuliona ni kazi nzito. Mtihani wa insha unataka ile nzito. Anayejipima kwa kutazama neno na kusema "ahaa, hili nalijua" amejipima kitu kingine.

Kadi saba mpya kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ni 35 kwa wiki. Orodha nzima ya koo 570 inaisha kwa wiki 16 na siku chache. Kumi na tano kwa siku huonekana kishujaa wiki ya kwanza, na wiki ya tatu marudio yanamfukia mtu akaacha kabisa. Kwa marudio tumia bahasha tano, mtindo alioueleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya inaingia bahasha ya kwanza na kupitiwa kesho yake. Ukiipata inakwenda ya pili, irudiwe baada ya siku 2. Kisha ya tatu, siku 4. Ya nne, siku 8. Ya tano, siku 16. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya tano, inarudi ya kwanza. Andika kwa penseli kwenye kona tarehe ya kurudiwa, la sivyo baada ya wiki mbili hujui ipi ni ya lini. Mwezi ukipita utakuwa na kadi 35 hivi za kupitia siku yenye mzigo, kila moja sekunde 10: dakika sita. Zinatosha kwenye foleni ya chakula bwenini, na kwa kuwa shule nyingi hukataza simu, bahasha zina faida kuliko programu ya simu. Mwenye simu nyumbani atumie Anki, programu ya kadi za kujikumbusha. Inapanga tarehe yenyewe.

Jumamosi pasiwe na kadi mpya. Chukua swali moja la mtihani uliopita, andika jibu la maneno 80 hadi 100, na uingize sita kati ya maneno ya wiki. Mpe mwenzako alisome na kupigia mstari kila mahali neno lilipoketi vibaya. Hapa ndipo majirani wanapoonekana. Anayefikiri kwa Kiswahili "tulijadili kuhusu mazingira" ataandika "discussed about the environment". Kiingereza kinasema "discussed the environment", bila kihusishi. "Emphasize" haitaki "on". "Despite" haitaki "of". "Comprise" inasimama peke yake, lakini "consist" lazima iwe na "of". Kuna pia pengo la upande wetu: kuazima kwa Kiswahili ni kutoa na kupokea, "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", wakati Kiingereza kina "lend" na "borrow" na hakisamehe anayeyabadilisha. Kupata kunagawanyika kuwa "obtain", "acquire", "gain", "receive", "earn": maarifa "acquire", mshahara "earn", barua "receive", uhuru "gain". Kadi ya kitenzi pamoja na nomino jirani yake ina thamani kuliko kadi tatu za visawe.

Matamshi yapite haraka, ila yasirukwe, kwa sababu neno usiloweza kulitamka hulisikii mwalimu akilisema. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huuhamisha hata ndani ya ukoo mmoja: PHOtograph, phoTOGrapher, photoGRAPHic. ANalyse lakini aNALysis. Andika herufi kubwa kwenye silabi yenye mkazo na usome kwa sauti mara tatu. Sauti ya "think" ni ya thamani, na ya "this" ni ya dhambi. Anayetamka vizuri Kiswahili cha pwani ameshazipata. Herufi bubu, kama "b" ya "debt" na "subtle" au "p" ya "receipt", zizungushie duara jekundu kwenye kadi.

Kuhusu maneno ya kujionyesha, yale ya midahalo ambayo msemaji akiyatoa darasa zima linashangilia: yana raha yake, na raha ya lugha si kitu kidogo. Kwenye insha ya mtihani yanaumiza. Mwanafunzi anatafuta "tekeleza" kwenye kamusi, anakutana na "execute", na kwa kuwa limemvutia anaacha "implement" iliyo salama. "Execute the plan" ni kutekeleza mpango. "Execute the minister" ni kumnyonga waziri. Kamusi ikikupa maneno matatu, usichukue lililo refu. Lirudishe kila moja upande wa Kiingereza, usome mfano wake wa sentensi, ndipo uamue.

Kutakuwa na kadi sugu, zinazorudi bahasha ya kwanza mara nne au tano. Usizirudie kwa hasira. Mara nyingi kosa ni la kadi: sentensi ilikuwa ngumu kuliko neno lenyewe, au pengo linakubali maneno mawili tofauti, au neno linalofanana nalo liko bahasha ileile. Ichane, tafuta sentensi nyingine kutoka somo jingine, na iingie upya Jumatatu kama moja ya saba za siku hiyo.